Fremu ya Khatibu na Khiyari ya Mchana Kutwa

Garissa,
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Makomredi wa damu moja, wanachama watukufu wa Kamati ya Magurudumu mliokusanyika uani kwa mama:

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ketini vizuri, maana hotuba ni ndefu na habari ni njema. Neno hilo la habari njema nimelitanguliza makusudi, kwa sababu namjua mwenyekiti wetu wa heshima, ambaye hivi sasa anajifanya anachambua mchele na kwamba hasikilizi. Mama, nakushika miguu. Mwanao ni mzima. Hajakamatwa, hajafukuzwa kazi, wala hajasimama juu ya meza ya mtu.

Nijulisheni hali zenu. Dada Rukia, kikohozi cha mwanao kimepoa? Bibi bado analalamikia magoti, au amepata jambo jipya la kulalamikia? Nawe mdogo wangu Khatibu, mfupa wa mtulinga umeunga barabara, au ungali unavaa shati kwa kusaidiwa kama bwana harusi?

Mimi huku, tangu chuo kikuu kiliponipa likizo nisiyoiomba, naendelea kufundisha Historia katika shule ya upili. Wanafunzi wamenibandika jina la Maikrofoni, na sikulikataa. Maji ya mto Tana huja na rangi ya chai ya maziwa; tunayaacha mtungini mpaka udongo ushuke, ndipo tunakunywa. Joto halina adabu. Darasani mna vijana wa kutoka Hulugho na Tarbaj ambao huja mifugo inapowaruhusu, na mmoja ametoka kambini Dadaab, hana hata kitabu kimoja, naye ndiye anayenibishia kuliko wote. Nampenda kwa hilo. Siku anayokosa kuja, somo langu hulala usingizi.

Sasa tuingie katika ajenda, na kwa ajili ya bibi, ambaye husema hakuna anayemweleza kitu, nitaianzia mwanzo. Fremu ya kwanza ya Khatibu ilikatika shingoni katika mteremko wa Mazeras, mwenyewe akiwa juu yake, akarudishwa nyumbani ndani ya pikapu ya mboga. Mama akatoa amri ambayo bunge lolote lingeionea wivu kwa ufupi wake: "Baiskeli haiingii tena nyumba hii mpaka Salim aione fremu kwa macho yake, aishike kwa mikono yake, kisha aniapie. Na asinihutubie. Hotuba zake nimezisikia. Nataka kiapo kimoja."

Na wakati hautungoji. Mashindano ya kuchagua vijana wa Pwani yamekaribia, na mwakani Khatibu atakuwa ameupita umri wa kundi hilo. Mchango mlionitumia ulitosha fremu moja, haukutosha kosa moja. Mombasa mmezunguka mkakuta baiskeli za kubebea mikate tu. Kwa hiyo mkaniangalia mimi, niliye katika mji ambao bidhaa huingia kutoka mpakani na wageni wa mashirika huondoka wakiacha nusu ya mali yao.

Mjadala wenu niliupokea kwa barua mbili zilizofika siku moja. Dada Rukia alisimama upande wa fremu mpya: kipya, hata kiwe cha bei rahisi, hakina siri. Khatibu akasimama upande wa kuukuu: chuma chema cha zamani ni bora kuliko chuma kibovu cha jana. Kura zikalingana, mkaniachia mimi kura ya kuamua. Mnajua nilikotokea. Mimi ndiye niliyepanda juu ya benchi katika bwalo la chuo nikailaani mitumba inayotupwa katika bandari zetu, nikauliza ni lini taifa huru litaacha kuvaa suruali za marehemu lisiowajua. Rukia hupenda kuongeza kwamba shati nililovaa siku hiyo lilikuwa la mtumba. Ni kweli. Ndiyo maana hotuba ilikuwa na uchungu.

Basi nilianza na mpya, kama itikadi ilivyotaka. Katika duka la Bi Hawa, mama wa makamo mwenye sauti ya kuishinda yangu, miongoni mwa redio na magunia ya sukari, palitundikwa fremu nyekundu ya mbio ingali imeviringwa karatasi ya kaki. Wengi wa huku herufi p huifanya b, nami nitawaandikia walivyosema ili mzisikie sauti zao.

"Mwalimu, shika. Hii ni mbya kabisa. Hakuna mtu ameikalia."

"Ni nzito, Bi Hawa."

"Nzito ndiyo nguvu. Wewe mwenyewe mwebesi, ndiyo maana unabiga kelele."

Nilicheka, kisha nikatoa mfukoni uzi. Khatibu alikuwa ameniandikia kipimo chake, nami nilikikariri kama ilani ya chama: funga uzi pale gurudumu la nyuma linapokaa, uupitishe mbele ya shingo ya fremu, uurudishe nyuma upande wa pili, kisha tazama nafasi iliyo baina ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Nafasi zikilingana, fremu imenyooka. Upande wa kushoto kidole changu kilipita. Upande wa kulia hata kalamu iligoma.

"Imepinda, Bi Hawa."

"Itanyooka ikibandwa. Mtoto akizaliwa miguu imenyooka?"

Nikaitundika pale pale nilipoitoa. Dada Rukia, nakuomba usinirushie kandambili ya mguuni. Niliamini pamoja nawe kwamba upya ni aina ya uaminifu. Fremu ile ilizaliwa na siri yake, ikaviringwa karatasi.

Rafiki yangu hapa ni Abdi Noor, mwalimu wa Hisabati, mzaliwa wa mji huu, mtu anayecheka kwa nadra na kwa hesabu. Aliponiona nimerudi mikono mitupu akasema, "Soko la mifugo kuna fremu."

"Ya punda?"

"Ya mzungu. Iko kwa Bishar."

Bishar ni dalali wa ngamia, rika letu, mwenye shali begani na ulimi wa moto. Mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake huko Dadaab alimwachia vitu vyake avitafutie wanunuzi: hema, kitanda cha kukunja, na fremu ya baiskeli ya mbio. Hema na kitanda viliondoka. Fremu aliinunua mwenyewe, kisha ikabaki, akawa anaileta sokoni pamoja na ngamia, imefungwa ubavuni mwa mkokoteni. Mabomba yake ni membamba, maungio yake yamechongwa kama nakshi za mlango wa kwetu. Nilipoinyanyua kwa mkono mmoja moyo wangu ulipaa nayo. Kisha ukashuka: yote ilikuwa imepakwa rangi ya kijani kwa brashi, rangi nzito, imekauka na unywele ndani.

"Kwa nini umeipaka rangi?"

"Ngamia nikiuza naiosha kwanza. Fremu haioshwi. Nikabaka rangi."

Sasa nielezeni, makomredi, nani aliye tayari kwa soko hili. Huko bei haitajwi kwa kinywa. Bishar alinishika mkono, akafunika mikono yetu kwa shali, na vidole vikaanza kujadiliana gizani: vidole vinavyobanwa ni bei, kidole kinachorudi ni kukataa. Wanaotazama hawajui kinachosemwa; wanaangalia nyuso zetu tu. Mimi, niliyewahi kumjibu mkuu wa kitivo mpaka akavua miwani, niliambiwa na Abdi Noor, "Nyamaza. Ukisema neno, utaharibu."

Nikanyamaza. Vidole vikasema. Vya Bishar vikapanda, vyangu vikashuka, tukakaribiana, hata mwishowe akaukamata mkono wangu wote akaubana kwa nguvu. Nilidhani ananisifu. Nilidhani ni salamu ya mfanyakazi kwa mfanyakazi baada ya mapambano ya haki. Nami, kwa mazoea ya miaka yote ya mikutano, nikautoa mkono wake chini ya shali, nikauinua pamoja na wangu juu kabisa, mbele ya umma.

Soko zima la ngamia likajibu: "Mabruuk."

Nikamgeukia Abdi Noor. "Wamefurahia nini?"

"Umenunua," akasema. "Na mashahidi ni hao wote."

Naungama kwamba jasho lililonitoka halikuwa la jua. Uzi ulikuwa mfukoni, haujafunguliwa. Rangi ilikuwa juu ya chuma, haijakwanguliwa. Chini ya rangi ile palikuwa na shingo, na shingo ndipo fremu ya Mazeras ilipokatika. Niliyaona macho ya mama. Nilimwona Khatibu akipokea zawadi ya kaka yake, akiteremka nayo, na rangi ya kijani ikipasuka kwa mstari mmoja.

Ndipo marehemu baba, Mungu amrehemu, aliponijia kwa sauti yake ya mwalimu wa chuo cha Kurani, fimbo ikigonga ubao. Mnakumbuka mlango wa biashara kitabuni, tuliokuwa tukiusoma tukisinzia? Muuzaji na mnunuzi wana khiyari ya kuvunja maadamu wako katika kikao kimoja, hawajaachana. Wakiachana, biashara imefunga. Madhehebu yetu na ya Bishar ni hayo hayo, ya Imamu Shafii.

Nikamwambia, "Ndugu Bishar, mimi na wewe hatujaachana."

Kisha akacheka kicheko kilichomshtua ngamia. "Waryaa, kumbe umesoma. Basi kaa. Lakini mimi nina kazi."

Abdi Noor akaondoka kwenda shuleni kutafuta msasa na mafuta ya taa. Mimi nikabaki na Bishar, fremu begani, kama askari aliyepewa mateka. Akienda kutazama meno ya ngamia, nami naenda kutazama meno ya ngamia. Akipatana na watu wa Buna, nimesimama pembeni. Tulikunywa chai kikombe kwa kikombe, tukasali adhuhuri bega kwa bega. Wauza mbuzi walianza kunitania. Mmoja akauliza kama tumefunga ndoa. Bishar akamjibu, "Bado. Anaangalia meno yangu."

Kisha likaja jaribio la katiba yenyewe. Bishar alihitaji kwenda msalani, napo ni kibanda cha mabati nyuma ya soko. Watu wakakusanyika, jambo lilikuwa limekuwa la umma. Mmoja akasema ukuta ni kuachana, kwa hiyo akiingia tu, fremu imekuwa ya mwalimu milele. Mwingine akasema bati si ukuta. Nilisimama nje ya mlango ule, fremu begani. Bishar angeweza kuingia akanyamaza, na huo ungekuwa mwisho wa khiyari yangu. Faida ingekuwa yake na nusu ya soko ingemtetea. Badala yake, kutoka ndani ya mabati, ikaja sauti yake ikivuma:

"Mwalimu. Bado tuko bamoja."

"Tuko pamoja," nikamjibu.

"Unasikia?"

"Nasikia vizuri kuliko ninavyotaka."

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Akaendelea kunipigia kelele hivyo hivyo hadi alipotoka, ili asiwepo wa kusema kikao kimekatika. Tangu hapo, makomredi, hofu yangu ya mtu yule iliisha. Ikabaki hofu ya chuma.

Abdi Noor alirudi na vitu. Tukaanza na uzi: kidole changu kilipita kulia, kikapita kushoto, kwa ulegevu ule ule. Nikavuta pumzi. Kisha shingo. Mnakumbuka mbinu ya ami, aliyotufundisha alipokuwa karakana ya reli: paka mafuta ya taa, futa mpaka pakauke, kisha pakaze unga wa chaki juu yake; penye ufa, mafuta yaliyojificha yatarudi nje na kuchora mstari. Mafuta yalikuwa ya Abdi Noor, na chaki haikosekani katika mfuko wa mwalimu. Tulikwangua rangi kidogo pale shingoni, tukapaka, tukafuta, tukasaga chaki, tukangoja.

Mstari ukatokea.

Mwembamba, wa kijivu, ukizunguka nusu ya shingo. Niliiweka fremu chini taratibu kama maiti ya mtu. "Bishar," nikasema, "naitumia khiyari yangu. Siichukui. Ni ya ndugu yangu hii, na ndugu yangu ameshavunjika mara moja."

Nilitegemea ugomvi. Bishar alichuchumaa akautazama mstari ule kwa karibu. "Haye. Kama hutaki, besa yako haijatoka, chukua fremu uniwekee bale kwa mkokoteni. Lakini usiikatae kwa sababu ya rangi yangu. Mstari huu uko bale rangi inabokwisha. Kwangua yote."

Abdi Noor akainama pia. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kuchangamka. "Mafuta yameingia chini ya ukingo wa rangi," akasema. "Yanatoka hapo. Hatujapima chuma, tumepima rangi."

Tukakwangua, watu watatu wazima chini ya jua, kwa msasa mmoja tuliouchana vipande. Kijani kikaondoka. Chini yake ikatokea buluu ya kiwandani, nayo tukaiondoa, mpaka shingo yote ikawa uchi, ya fedha, inang'aa. Tukapaka tena mafuta. Tukafuta. Tukasaga chaki. Wauza mbuzi hawakutania tena. Walikuwa wamechuchumaa pamoja nasi. Chaki ikabaki nyeupe. Tukaingoja igeuke, ikakataa kugeuka. Tukageuza fremu, tukafanya vivyo hivyo chini, pale pedali zinapofungwa, na pale bomba la kiti linapoungana na mengine. Nyeupe, nyeupe, nyeupe kama kanzu ya Idi.

Sijui nilikaa vipi chini, ila nilijikuta nimekaa, mgongo kwenye gurudumu la mkokoteni. Nimewahi kubebwa mabegani na umati uliokuwa ukiliimba jina langu. Sikupata siku ile wepesi nilioupata mbele ya unga wa chaki.

Nikamwambia Bishar naichukua kwa bei ile ile, malipo yakafanyika, tukasali alasiri. Kisha Bishar akajifunga shali vizuri, akasimama mbele yangu. "Sasa, walaal, ndugu yangu, tuachane."

Akanigeuzia mgongo, akatembea. Alitembea makusudi, bila kutazama nyuma, akapita zizi la mbuzi, akapita kibanda kile cha mabati, na soko zima likamfuata kwa macho, kwa kuwa kila hatua ilikuwa inafunga biashara. Alipofika kona ndipo akageuka, akaweka kiganja kinywani akapaza sauti: "Mwambie ndugu yako asianguke. Nimechoka na nyinyi."

Nilipopita dukani kwa Bi Hawa na fremu begani, alinipima kwa macho. "Umenunua ile kuukuu ya mzungu, nimesikia. Mji mzima umesikia. Utarudi kwangu kwa tairi."

Nilirudi, nikachukua tairi. Hizo ni mpya, dada Rukia, kwa hiyo upande wako nao umepata kiti. Na kabla hujasema neno kuhusu mitumba: sijahama nilipokuwa nimesimama. Nililaani kile tunachotupiwa tukavaa bila kuuliza. Hiki tumekiuliza mchana kutwa, mpaka msalani.

Msiwe na hofu ya safari. Shule ikifungwa nitapanda basi linaloondoka na msafara wa askari, na fremu nitaipakata. Haitawekwa juu ya paa na magunia. Khatibu, usitafute rangi. Nimeiacha shingo wazi, nimeipaka mafuta tu isishike kutu, ili mama aione yeye mwenyewe. Chaki nitakuja nayo.

Nisalimieni bibi, mwambieni magoti yake yana mwenzake, maana yangu yaliuma kwa kuchuchumaa. Msalimieni ami wa reli, na mumwambie mbinu yake imefika soko la ngamia na imeheshimiwa. Msalimieni shemeji yangu, mume wa Rukia, aliyechangia kimya kimya akidhani sitajua. Msalimieni mwalimu wa chuo aliyeishika nafasi ya baba. Awafundishe watoto mlango wa biashara wasisinzie. Abdi Noor anawasalimu. Anasema Khatibu akishinda, ushindi huo yeye alikwisha kuuthibitisha kihesabu.

Mama, sasa nanyamaza hotuba. Wallahi, fremu nimeiona kwa macho yangu, nimeishika kwa mikono yangu, na ni nzima.

Ni mimi mwanao, na kaka yenu,
Salim

Mkutano ujao wa Kamati: Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa, mara tu baada ya alasiri, hapo hapo uani. Khatibu aje na spana zake. Rukia aje na hoja zake. Mwenyekiti ni mama, na hakuna atakayeondoka kikaoni mpaka yeye aseme tuachane.